Nilimtafuta Mke Ndani ya Kitabu

Mambo ya ndani ya nyumba si rahisi kuyaweka gazetini. Nimefikiri sana kabla ya kushika kalamu, na mume wangu ameyasoma haya kabla yenu na kukubali yatoke. Naandika kwa sababu najua wako akina mama ambao leo wamekaa na siri kama ile niliyokaa nayo mimi, na huenda wanaitafutia dawa mahali nilipoitafuta, yaani ndani ya kitabu cha hadithi.

Tunaishi Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Sisi ni watu wa Bara. Mume wangu alipata kazi ya kutunza stoo katika hoteli moja, nami nikaacha kufundisha Kiswahili sekondari, tukahamia huku na watoto wetu wawili. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu na wametupokea vizuri. Mwezi wa Ramadhani haipiti siku watoto wangu hawajaletewa sahani ya futari. Kanisa letu liko mjini, kwa hiyo hatufiki kila Jumapili. Ndugu zangu wote wako mbali, ng'ambo ya bahari. Nayaeleza haya ili mwelewe kwamba siku nilipoumia sikuwa na mlango wa kukimbilia.

Ilikuwa Jumamosi moja ya kipindi cha kusi, upepo unavuma hata nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Nilikuwa nafua. Katika mfuko wa suruali ya mume wangu nikakuta tiketi mbili za boti ya kwenda Dar es Salaam, zimekunjwa pamoja. Tarehe ilikuwa ile ya safari aliyoniambia kuwa alitumwa na hoteli kwenda kununua vifaa, peke yake. Tiketi moja ilikuwa na jina lake. Ya pili ilikuwa na jina la mwanamke nisiyemjua.

Nilizikunja, nikazirudisha mfukoni, kisha nikakumbuka kuwa suruali nimeshaiweka majini. Nikazitoa tena. Nilisimama pale uani na tiketi mbili mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Jioni aliporudi nilimpakulia chakula. Wali na samaki wa nazi. Alikula, akasifu, akamchukua mtoto mdogo akamwogesha kama kawaida yake. Mimi sikusema neno. Wala siku ya pili. Wala wiki ya pili.

Basi katika kimya hicho ndipo nilipokwenda kutafuta kitabu. Msinicheke. Mwalimu wa lugha akipata shida huamini kuna mtu aliyekwisha kuiandika. Nilipokuwa nafundisha, mwalimu mwenzangu aliwahi kunisifia Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mzaliwa wa Pemba. Alisema ni kitabu kinachoanika ndoa mbovu na ufuska wa waume bila kuona haya. Kilichapishwa mwaka 1980, na wanafunzi wa sekondari nchini Kenya walikisoma kwa miaka kama kitabu cha mtihani. Mimi nilikuwa nimesoma habari zake tu, si chenyewe. Nikajisemea, kama kuna mtu wa visiwa hivi hivi aliyeandika juu ya mume anayetoka nje ya ndoa, bila shaka amemwandika na mke aliyebaki ndani.

Nilipanda gari ya 309 asubuhi, tukapita msitu wa Jozani, tukaingia mjini. Nilikipata katika duka la vitabu si mbali na soko la Darajani, kikiwa kimechakaa kidogo. Nilikivika jalada la gazeti kama tulivyofundishwa shuleni, lakini kusema kweli sikutaka mtu alisome jina lake mapajani mwangu garini. Nilikimaliza kwa usiku mbili, mume wangu akiwa zamu ya usiku, watoto wamelala.

Kwa ambao hamkukisoma, nitaeleza kwa ufupi. Yuko Bwana Maksuudi, mtu wa mali na cheo anayetafuta kura za watu. Mbele ya umma ni muungwana, nyumbani ni jabali. Mke wake, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, amewatawisha, hawaoni nje. Huko nje yeye ananaswa na Kazija, mwanamke anayemvuta kwa makusudi ili kulipiza kisasi cha dhuluma ya zamani aliyowafanyia watu wa ukoo wake. Kazija anamvuta pia Mussa, mtoto wa kiume wa Maksuudi, mpaka baba na mwana wanafumaniana kwa mwanamke mmoja. Bi Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa, anakuja kuzalishwa na Bi Farashuu, mkunga ambaye Maksuudi hakutaka akanyage kwake. Maksuudi anapojua, hasira zake zinamwangukia mke, na talaka inafuata. Maimuna anatoroka, anaangukia katika ulevi na umalaya, na baada ya mateso mengi anampata Kabi na kuolewa. Maksuudi mwenyewe anafilisika, anaaibika, anaomba radhi, anakufa.

Nilipofunga kitabu nilikaa gizani. Nilikuwa nimekasirika, tena si kidogo. Nilihisi kama mtu aliyekwenda zahanati na jeraha, akapewa hotuba juu ya ubaya wa visu.

Sikatai ubora wa kitabu hicho kwa kazi yake. Mwandishi alitaka kuwavua nguo wakubwa wanafiki, na amewavua. Alitaka kuonyesha kwamba ukimfungia binti ndani bila kumfundisha dunia, siku atakayoiona dunia itammeza. Hayo ni kweli na yalistahili kusemwa. Lakini mimi sikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayetafuta dhamira na maudhui. Mimi nilikuwa mke mwenye tiketi mbili kwenye kopo la sukari. Na kwa mke huyo, kitabu kilinivunja moyo kwa mambo matatu.

La kwanza ni Maksuudi mwenyewe. Ni mbaya mno. Anapiga, anadhulumu, anadanganya, hana pahala pa kumshikia. Mume wa namna hiyo, mama wenzangu, ni rahisi kumchukia. Shida yangu ilikuwa kwamba wangu hakuwa hivyo. Wangu ndiye aliyekesha nami hospitali mtoto wa kwanza alipougua homa ya mapafu. Wangu huchota maji na haoni aibu. Mtu yule yule aliyenisaliti ndiye aliyemwogesha mwanangu jioni ile, na alimwogesha kwa mapenzi ya kweli. Kitabu hakikuwa na mtu wa namna hiyo, na ndiye niliyelala naye kitanda kimoja.

La pili ni Kazija. Mwanamke wa nje katika hadithi hii amekuja na kisasi, kama mtego uliotegwa. Hiyo nayo ni rahisi. Inamfanya mume kuwa mnyama aliyenaswa, na hadithi inakwenda mbio kama sinema. Lakini ndoa nyingi hazivunjwi na mitego. Zinatobolewa polepole, kwa uchovu, kwa kutosemezana, kwa mazoea, kwa mtu kusifiwa kazini wakati nyumbani anaulizwa ada ya shule tu. Sisemi hivyo ili kumsafisha mtu. Nasema kwamba tobo kama hilo sikuliona katika kitabu.

La tatu, na ndilo lililonitoa machozi, ni Bi Tamima. Nilimtafuta yeye. Kila nilipofungua ukurasa mpya nilisema, sasa tutamsikia. Niliona akitawishwa, nikaona akiteswa, nikaona akiachwa. Kisha hadithi ikamfuata binti kwenye ulevi na baba kwenye ufukara, na mama nikamwona kwa nadra sana. Nilitaka kujua asubuhi ya pili aliamkaje. Aliwaambia nini watu? Alimpenda bado mtu yule, hata kidogo, na akajichukia kwa hilo? Mambo hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi, na juu yake sikupata msaada.

Nikajaribu kukumbuka vitabu vingine. Katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, Yasmin ni msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza wa miaka 52, na anamkimbia. Huyo angalau mwandishi amempa miguu. Lakini alikuwa mtoto aliyeozwa asiyemtaka. Mimi nilimtaka huyu wangu, nikamngoja miaka mitatu akusanye mahari. Nikakumbuka na vitabu vya Ulaya tulivyotajiwa chuoni. Emma wa Flaubert, Mfaransa, katika kitabu cha mwaka 1857, anamsaliti mumewe na mwisho anakula sumu. Anna Karenina wa Tolstoy, Mrusi, anajitupa chini ya treni. Vitabu vikubwa, dunia nzima inavisifu. Lakini huko nako yule aliyesalitiwa kapewa kiti cha nyuma, na dawa ya mwandishi ni mauti. Mimi sikutaka mtu afe. Nilitaka kujua niseme nini Jumatatu.

Siku mbili baadaye nilishuka pwani. Jirani yangu wa pili ni bibi mmoja wa makamo, mkulima wa mwani. Hapa kwetu kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na tangu hapo kimekuwa kazi ya akina mama hasa. Wanachomeka vijiti mchangani, wanafunga kamba kati yake, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mwani kwa nyuzi ndogo wanazoziita tai-tai. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali sana. Yakija maji mafu, huwezi kufanya kitu, unangoja. Baada ya kiasi cha wiki sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Pesa ni kidogo na mgongo unauma, lakini ni pesa yao. Mimi huwa namsaidia kufunga nyuzi siku ambazo sina kazi, naye hunifundisha mengi ya hapa.

Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Leo macho yako yamevimba. Moshi?"

Nikamwambia nimekesha nikisoma kitabu. Akasema, "Haya, nihadithie na mie." Yeye hajui kusoma hati zetu, alisoma chuoni Kurani tu, lakini hadithi anazipenda kupita kiasi. Tukakaa juu ya kamba, maji kwenye vifundo vya miguu, nikamhadithia yote. Maksuudi, Kazija, Mussa, Maimuna, Kabi. Alitikisa kichwa pale pa kutikisa, akaapiza pale pa kuapiza. Nilipofika Maksuudi anakufa, nikanyamaza.

Akaniuliza, "Na yule mke?"

"Akaachwa, bibi."

"Hilo la kuachwa nimelisikia. N'nakuuliza, yeye alisema nini?"

"Kidogo sana, bibi. Hicho ndicho kilichoniudhi."

Akafunga kipande kingine cha mwani, akakaza uzi kwa meno. Kisha akasema bila kuniangalia, "Na weye umesema nini?"

Sikuwa nimemwambia lolote juu yangu. Naapa sikuwa nimemwambia. Nililia pale pale, nikaegemea bega lake lililolowa maji ya chumvi. Akaniacha nilie. Baadaye akasema, "Siye hapa mume akitaka mwengine ana njia ya kuoa, na mke akichoka anakwenda kwa kadhi. Nyie wa kanisani mna yenu. Lakini uchungu wa mwanamke aliyefichwa kitu ni mmoja tu, mwanangu. Mie nilinyamaza miaka saba. Nikidhani nasubiri. Kumbe naoza. Mwani ukiuacha kwenye kamba muda umepita, unaoza ule, unakatika, unachukuliwa na maji, na hulipwi kitu."

Nilirudi nyumbani nimeaibika kidogo. Nilikuwa nimemkasirikia mwandishi kwa kumnyamazisha Bi Tamima, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemnyamazisha mke niliyekuwa na mamlaka naye. Nilikuwa nangoja kitabu kiseme kwa niaba yangu. Nilitaka mtu mwingine, aliyekufa au aliye mbali, anitafutie sentensi ya kwanza.

Nilisubiri siku yake ya mapumziko. Watoto niliwapeleka kwa bibi. Sikupika. Niliweka zile tiketi mbili mezani, zimenyooshwa, nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini yalitoka machache. Nilimwambia, "Nilizikuta wiki tano zilizopita. Nimenyamaza kwa sababu niliogopa jibu. Leo naogopa zaidi kunyamaza. Niambie ukweli."

Alitazama tiketi muda mrefu. Kwanza alijaribu uongo, nao ulikuwa uongo dhaifu, ulianguka wenyewe. Kisha akasema ndiyo. Ni mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya jirani, imekuwa miezi minne. Hakulia. Hakupiga magoti. Alisema, "Sijui nilianza vipi." Nikamwambia hilo si jibu, na akaulizwe tena mpaka alipate. Nilishangaa kusikia sauti yangu imetulia.

Nilimtaka mambo matatu. Kwanza, uhusiano ule ukome, na nijue umekoma. Pili, tuende sote wawili kupima damu, tena turudie baada ya miezi mitatu, maana kipimo cha mapema kinaweza kukosa maambukizi mapya. Sikutaka kusikia habari ya aibu. Watoto wangu wanahitaji mama mzima na baba mzima. Tatu, tukae mbele ya watu watatu: mchungaji wetu aliyetufungisha ndoa, kaka yake mkubwa, na shangazi yangu. Hili la tatu lilimwuma kuliko yote. Mwanamume anaweza kuvumilia kujulikana na mke wake, lakini kujulikana na kaka yake ni kitu kingine. Hata hivyo alikwenda.

Shangazi yangu alitaka nimshitaki yule mwanamke. Kwa kweli Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke au mume haki ya kudai fidia kwa mtu aliyezini na mwenzake. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, huku Zanzibar haitumiki, na mimi ningeweza kutafuta njia kama ningetaka. Sikutaka. Nilimwambia shangazi kwamba yule mwanamke hakusimama nami mbele ya madhabahu. Aliyeniahidi ni mmoja, na ni huyo nitakayemdai.

Mnataka kujua mwisho, wasomaji, na mimi sina mwisho mzuri wa kuwapa. Vipimo vyote vilitoka salama, namshukuru Mungu. Mume wangu alihamishwa zamu kwa ombi lake mwenyewe. Tuko pamoja. Ziko siku tunacheka kama zamani. Ziko siku simu yake ikilia naacha ninachofanya, moyo unakwenda mbio, naye anajua, na anainua simu niione bila kuambiwa. Kuaminiana kwetu hakukurudi kwa sala moja wala kwa machozi ya siku moja. Kuna vipindi vya bamvua tunapofanya kazi, na kuna maji mafu tunapongoja tu.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mume wangu amekaa barazani na Utengano, jalada la gazeti limechanika. Alikisoma siku nne. Alipomaliza akanijia jikoni, amekunja uso, akasema, "Mke wangu, mimi si Maksuudi."

Nikamjibu, "Najua. Ndiyo maana kitabu kile hakikunisaidia. Kingenisaidia ungekuwa Maksuudi, maana ningeondoka bila kugeuka nyuma."

Akafikiri, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi kingeniharibu," alisema. "Ningekisoma wakati ule, ningejiambia, mimi sipigi, mimi silewi, basi mimi ni mume mwema."

Hapo nikaelewa kitu juu ya hadithi za namna hii. Mume anayesoma habari za shetani hujiona malaika. Na mke anayezisoma hujiambia, wangu si mbaya kiasi kile, nikinyamaza nitakuwa na subira. Wote wawili wanaweka kitabu chini na nyumba inabaki vile vile. Sitaki waandishi waache kuandika watu wabaya, maana wapo. Lakini natamani siku moja mtu wa visiwa hivi, afadhali awe mwanamke, atuandikie riwaya ya mume wa kawaida aliyekosea na mke wa kawaida aliyesema.

Mama mwenzangu, kama nawe una tiketi zako kwenye kopo la sukari, nina maneno machache. Usisubiri mpaka uwe na ushujaa, kwa sababu hauji kabla, huja njiani. Chagua siku, chagua saa, watoto wawe mbali. Sema ulichokiona, si ulichokihisi tu. Pimeni. Tafuteni watu wazima wawili watatu wenye kufunga midomo, wasiwe genge zima la mtaani.

Lakini kama mume wako ni Maksuudi kweli, yaani mkono wake unakupiga, basi haya ya kukaa mezani na kuongea hayakuhusu. Hiyo si siri ya ndoa ya kuvumiliwa. Hata ile Sheria ya Ndoa ya Bara inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Kwenye vituo vya polisi kuna madawati ya jinsia, na hapa Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono wanakopokea waliodhulumiwa na kuwatibu. Nenda kwa watu kwanza. Mengine yatafuata ukiwa mzima.

Kitabu sikukitupa. Nilimpa mjukuu wa jirani yangu aliyeko sekondari, naye humsomea bibi yake jioni wakisuka ukili. Juzi nilipita uani kwao nikawakuta wamefika pale Bi Tamima anapopewa talaka. Msichana alisoma aya, akageuza ukurasa.

"Ngoja," bibi akasema. "Usigeuze. Kwanza nikwambie alivyomjibu."

Na akaanza kusema, kwa sauti ya Bi Tamima, maneno ambayo hayamo kitabuni. Alisema mengi, na hakuna aliyemkatiza. Mimi nilikaa kwenye mkeka mpaka taa ikawashwa.